Dawa Inapowasha Ngozi: Soriasisi Inayoletwa na Tiba za Kinga ya Mwili



Nilipewa soriasisi iwe mada. Ni mada pana, nami nimekata kipande kimoja tu: soriasisi inayomjia mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo, baada ya kuanza dawa inayogusa kinga ya mwili. Mtu mwenye baridi yabisi anaanza sindano za adalimumabu. Viungo vinalegea, asubuhi anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anarudi kazini. Miezi inapita. Kisha viganja vinaota vipele vyenye usaha, nyayo zinakuwa ngumu na kupasuka, nywele zinanyonyoka palipo na mabaka ya magamba. Kliniki anaambiwa ni soriasisi. Katika chumba cha pili cha kliniki hiyo hiyo yupo mtu aliyeugua soriasisi tangu ujana. Naye anachomwa sindano hiyo hiyo, ila yeye ngozi yake inatakata. Dawa moja imemtibu huyu ugonjwa ambao imemletea yule.

Nina hoja moja ya kutetea jioni hii. Tumezoea kuifikiria kinga kama kitu kinachopanda na kushuka, na soriasisi inayoletwa na dawa inathibitisha kwamba fikra hiyo haitoshi. Hili si suala la darasani tu. Mgonjwa anayeamini kwamba kinga yake imeshuka ataacha sindano inayomwokoa, aende kununua chupa ya dawa ya kuongeza kinga. Mhudumu wa afya anayeamini hivyo hivyo hatamzuia.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Ngozi ya kawaida hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Seli huzaliwa chini, hupanda polepole, hukauka, hupukutika bila sisi kuona. Kwenye soriasisi safari hiyo huisha kwa siku chache. Seli hufika juu zikiwa bado changa, hurundikana, na hapo ndipo tunaona mabaka manene yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti, kiunoni na kichwani. Kucha huingia vishimo vidogo au hubanduka kutoka kwenye ngozi iliyo chini yake. Baadhi ya wagonjwa huvimba viungo pia. Haiambukizi. Narudia kwa sababu wapo watu nchini kwetu wanaonyimwa sahani na kitanda kwa ajili yake: haiambukizi, hata kwa kushikana mikono, kuchangia taulo au kulala pamoja. Mwezi Mei mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na unaoharibu sura na maisha ya mtu.

Vitabu vingi vya udaktari tulivyosomea vinasema soriasisi ni nyekundu. Picha zilizomo ni za Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tunaona zambarau, kijivu, au weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani, na magamba yaliyo juu yake huonekana kama majivu. Baka likipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa kwa miezi, na mgonjwa hudhani bado anaumwa. Ndiyo maana soriasisi huku kwetu huitwa fangasi, mba au pumu ya ngozi, na mtu huzunguka na mirija ya krimu za mchanganyiko kutoka duka la dawa moja hadi jingine. Ikiwa ile ya kawaida tunaikosea hivi, hii inayoletwa na dawa, ambayo hupenda viganja, nyayo na kichwa, tutaikosea zaidi.

Sasa turudi kwenye kinga. Mapambano na Ukimwi yalimfundisha kila mmoja wetu lugha ya kinga. Tulijifunza kuhesabu seli za CD4, tukasema kinga imeshuka, kinga imepanda, na kwa ugonjwa ule lugha hiyo iliwasaidia watu kuelewa kwa nini wameze dawa kila siku. Lakini hata ndani ya Ukimwi wenyewe soriasisi iligoma kuifuata kanuni hiyo. Kama soriasisi ni kinga iliyozidi, mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye CD4 zake zimeporomoka angepaswa kuwa na ngozi safi. Kinachotokea ni kinyume. Soriasisi inaweza kumzukia mtu huyo kwa mara ya kwanza, au ile aliyokuwa nayo ikalipuka na kutanda mwili mzima, kisha ikatulia anapoendelea na dawa za kufubaza virusi. Madaktari wa ngozi wamelijua hili kwa miongo kadhaa. Mtu mzima anapopata soriasisi kali ya ghafla, kipimo cha VVU ni miongoni mwa vya kwanza kuombwa. Kwa hiyo tunao ushahidi wa muda mrefu, tena wa magonjwa tunayoyatibu kila siku, kwamba soriasisi haifuati wingi wa kinga. Inafuata mpangilio wake.

Mpangilio huo unashikiliwa na protini nyingi ambazo seli hutumiana kama ujumbe. Moja ya protini hizo huitwa TNF. Ilipewa jina hilo mwaka 1975 na watafiti wa New York walioona kwamba inaua uvimbe wa saratani kwenye panya. Baadaye ikabainika kwamba kazi yake kubwa ni kuchochea uvimbe na joto pale mwili unaposhambuliwa, na kwamba katika baridi yabisi inachochea pasipo adui yeyote, ndani ya viungo vya mwenye mwili. Marc Feldmann na Ravinder Maini, jijini London, waliamua kuikamata. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi kingamwili iliyotengenezwa maabara ili iizuie TNF, na watu waliokuwa hawawezi kupanda ngazi wakapanda. Mwaka 1998 dawa mbili za aina hiyo ziliidhinishwa Marekani: infliksimabu kwa ugonjwa wa Crohn, ambao huvimbisha utumbo, na etanersepti kwa baridi yabisi. Adalimumabu ikafuata mwishoni mwa mwaka 2002.

Ngozi yenye soriasisi nayo imejaa TNF. Ilikuwa wazi kwamba dawa hizo zijaribiwe huko, na zikafanya kazi vizuri mno. Etanersepti iliidhinishwa kwa soriasisi ya mabaka mwaka 2004, infliksimabu mwaka 2006, adalimumabu mwaka 2008. Na ni katika miaka hiyo hiyo ndipo taarifa za kinyume zilipoanza kuandikwa kwenye majarida ya udaktari: mgonjwa wa baridi yabisi huyu, mgonjwa wa utumbo yule, ambaye hana soriasisi wala hakuwa nayo, sasa anayo. Mwezi Agosti mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo liongezwe kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hilo. Kadirio linalotajwa mara nyingi tangu wakati huo ni kati ya wagonjwa 2 na 5 kwa kila 100 wanaotumia dawa za kuzuia TNF. Wanawake huonekana wengi zaidi. Inaweza kuanza wiki chache baada ya sindano ya kwanza au baada ya miaka, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu nani atailaumu dawa aliyoizoea kwa miaka miwili?

Kwa nini itokee? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelezo yake ni mazuri na yamepatikana kwa kazi ya subira.

Kuna kundi dogo la seli za kinga ziitwazo seli za dendriti za plazimasitoidi. Ni chache sana katika damu, ila zina uwezo mmoja mkubwa: zikihisi virusi au ngozi iliyojeruhiwa, hutoa interferoni kwa wingi kuliko seli nyingine yoyote. Interferoni hiyo ndiyo mbiu ya mgambo ya mwili. Ikilia, ujue kuna jambo, na kila seli iliyo karibu hujiandaa. Kwa kawaida mbiu hiyo hailii muda mrefu. TNF inapofika, huikomaza ile seli inayoipiga, na seli ikishakomaa huacha kupiga. Yaani TNF, ambayo tulidhani kazi yake ni kuchochea tu, ndiyo pia inayomwambia mpiga mbiu kwamba ameshasikika, apumzike. Mwaka 2005 watafiti wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba TNF ikizuiwa, seli hizo huendelea kutoa interferoni kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Mwaka huo huo watafiti wengine, akiwemo Frank Nestle na Michel Gilliet, walionyesha kwamba seli hizo hizo hukusanyika kwenye ngozi ya soriasisi inapoanza, na kwamba interferoni yake ndiyo inayoifungulia soriasisi mlango. Ukiziweka tafiti mbili hizo pamoja unapata jibu. Tumemzuia aliyekuwa akimnyamazisha mpiga mbiu, na mbiu inaendelea kulia ngozini.

Jibu hilo lilihitaji kuthibitishwa kwa wagonjwa wenyewe. Kazi hiyo ilifanyika Lausanne, Uswisi, na kundi la Curdin Conrad na Gilliet, ikachapishwa mwaka 2018. Walichukua vipande vidogo vya ngozi ya watu waliopata soriasisi wakiwa kwenye dawa za kuzuia TNF, wakalinganisha na ngozi ya soriasisi ya kawaida. Walikuta interferoni imezidi na seli za dendriti zimejaa. Walikuta pia jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi: ugonjwa huu hautegemei seli T kama soriasisi ya kawaida inavyozitegemea. Seli T ndizo zenye kumbukumbu. Ndizo zinazoifanya soriasisi ya kawaida irudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Soriasisi ya dawa haina kumbukumbu hiyo, na hilo linaeleza kwa nini kwa wagonjwa wengi dawa ikisimamishwa ugonjwa huondoka na haurudi. Kwa macho na hata kwa darubini unaweza kushindwa kuzitofautisha, lakini chanzo cha moja si chanzo cha nyingine.

Ushahidi mwingine ulikuwepo tangu zamani, ila haukuwa umeunganishwa. Interferoni yenyewe iliwahi kuwa dawa kuu ya homa ya ini aina ya C na ya baadhi ya saratani, na tangu miaka ya 1980 madaktari waliripoti wagonjwa ambao soriasisi yao iliwaka baada ya kuchomwa. Halafu kuna imikwimodi, krimu inayopakwa kwenye vinyama vya sehemu za siri ili kuiamsha kinga ya ngozi. Krimu hiyo nayo huwasha soriasisi kwa walio nayo. Huiwasha kwa uhakika kiasi kwamba mwaka 2009 watafiti wa Rotterdam waliipaka panya migongoni, wakapata uvimbe unaofanana na soriasisi kwa siku chache, na sasa maabara nyingi duniani huitumia njia hiyo kujaribia dawa mpya. Dawa ya kuzuia TNF, interferoni ya sindano, krimu ya vinyama: moja inazuia, mbili zinaamsha, na zote zinaishia mahali pamoja.

Sasa tugeukie saratani, ambako jambo hili litakua zaidi kuliko popote.

Mwaka 1992, Kyoto, Japani, maabara ya Tasuku Honjo iligundua kipokezi kilicho juu ya seli T, wakakiita PD-1. Kikiguswa, seli T hutulia. Huko Marekani James Allison alikuwa akichunguza kipokezi kingine chenye tabia hiyo, CTLA-4, na mwaka 1996 alionyesha kwamba ukikizuia, panya hushambulia uvimbe wao wenyewe. Saratani nyingi hujificha kwa kukigusa kipokezi cha PD-1, ili seli T zinazozikaribia zilale. Ipilimumabu, inayozuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Nivolumabu na pembrolizumabu, zinazozuia PD-1, zikaidhinishwa mwaka 2014. Honjo na Allison walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na waliistahili. Watu wenye melanoma iliyosambaa, ambao zamani tungewahesabia miezi, leo baadhi yao wanaishi miaka mingi.

Lakini seli T zikiamshwa haziulizi saratani iko wapi. Baadhi hugeukia utumbo, nyingine ini, nyingine tezi ya shingo, na nyingi ngozi. Miongoni mwa zinazoachiliwa zimo zile zinazotoa interlukini 17, protini iliyo katikati kabisa ya soriasisi ya kawaida. Aliyewahi kuwa na soriasisi anaweza kuiona ikirudi, mara nyingi mapema. Ambaye hakuwahi kuwa nayo anaweza kuipata. Hapa njia ni tofauti na ile ya TNF: huku seli T zenyewe ndizo zinazofanya kazi, na mlango uliofunguliwa ni mwingine. Ndiyo sababu nasema tusizungumze habari ya kinga iliyopanda au iliyoshuka. Mgonjwa wa baridi yabisi alipewa dawa ya kupunguza na mgonjwa wa saratani alipewa dawa ya kuamsha, na wote wawili wameketi kwenye benchi moja la kliniki ya ngozi wakisubiri kuitwa.

Je, mgonjwa wa saratani aache dawa? Kwa soriasisi ya kiasi, hapana. Dawa inaendelea, ngozi inatibiwa. Tunaanza na krimu za steroidi na za vitamini D kama kalsipotrioli. Zikishindwa, upo mwanga wa UVB kwa wanaofaa, vipo vidonge kama asitretini na apremilasti, na kwa walioelemewa, zipo dawa nyingine ambazo daktari wa saratani na wa ngozi huamua wakiwa pamoja. Asitretini haipewi mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa sababu huharibu mtoto tumboni, na mimba hairuhusiwi hadi ipite miaka 3 tangu kidonge cha mwisho. Vidonge vya predinisoloni, ambavyo ni rahisi na viko kila mahali, ndivyo tunavyojitahidi kuviepuka kwa tatizo hili. Vinaweza kupunguza nguvu ya tiba ya saratani, na vikisimamishwa soriasisi inaweza kurudi ikiwa na usaha mwili mzima.

Kwa mgonjwa wa dawa za kuzuia TNF mpango unafanana, na tofauti ni moja. Baka dogo la kiwikoni halimnyang'anyi mtu dawa iliyomrudishia miguu yake. Krimu, lami ya makaa ya mawe na asidi ya salisiliki humtosha. Ikitanda, mwanga wa UVB au methotreksati huongezwa, na methotreksati ina faida ya kusaidia viungo pia. Ikishindikana, dawa hubadilishwa. Tofauti ndiyo hii: kuhamia dawa nyingine ya kuzuia TNF mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kosa haliko kwenye chupa fulani, liko kwenye kuzuia TNF kwenyewe. Inabidi kwenda kundi jingine, kwa mfano ustekinumabu, inayozuia interlukini 12 na 23, ambayo hufaa ugonjwa wa Crohn na soriasisi kwa pamoja.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi, ilhali dawa zenyewe bei yake inazidi mshahara wa mwaka wa watu wengi waliomo humu. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba dawa hizi zinakuja, na zimeshaanza kufika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu katika Orodha ya Dawa Muhimu, na pamoja nayo nivolumabu na pembrolizumabu kwa melanoma. Nakala zinazofanana na infliksimabu zimeidhinishwa Ulaya tangu mwaka 2013, na za adalimumabu zimekuwa sokoni huko tangu 2018. Nakala hizo zimeshusha bei. Wapo pia Watanzania na Wakenya wanaoanzishiwa tiba India au kwingineko ughaibuni, wakarudi nyumbani na sindano kwenye jokofu na barua ya daktari. Ngozi ikiwaka, haiwaki Mumbai. Inawaka Tabora, Kisumu au Pemba, na wa kwanza kuiona ni tabibu wa kituo cha afya ambaye hajawahi kuishika dawa hiyo mkononi.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo lazima liende sambamba na hili. TNF ndiyo inayokiweka kifua kikuu kifungoni ndani ya mapafu ya mtu aliyeambukizwa bila kuugua. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya watu 70 waliougua kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, na wengi wao kilikuwa kimesambaa nje ya mapafu. Hao walikuwa hasa katika nchi zenye kifua kikuu kidogo. Kwetu, ambako kiko kila mtaa, hakuna anayepaswa kuanza dawa ya kuzuia TNF kabla ya kupimwa kifua kikuu kilichojificha, pamoja na VVU na homa ya ini aina ya B. Nalitaja hapa kwa sababu mgonjwa aliyepata soriasisi akaogopa, akaacha dawa, akakimbilia hospitali nyingine, mara nyingi huacha na faili lake nyuma. Vipimo hivyo vyote vinapotea naye.

Hofu yangu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni steroidi za mitaani. Tunao watu wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Tunao wanaopaka klobetasoli ili ngozi ing'ae, na krimu hiyo inauzwa sokoni pamoja na sabuni. Mtu mwenye soriasisi ya dawa akipewa hivi viwili na rafiki mwenye nia njema, wiki ya kwanza ataonekana amepona. Atamshukuru. Kisha vidonge vitaisha, au atastuka na kuvitupa, na ngozi itawaka upya ikiwa na usaha, homa na kutetemeka. Hiyo ni dharura inayoweza kuua. Wafamasia mliomo humu, nawasihi kwa heshima: vidonge hivi visitoke dirishani bila cheti.

Na wale wanaouza dawa za kuongeza kinga, nadhani sasa mmeona kwa nini sina neno jema juu yao. Mgonjwa wetu wa baridi yabisi kinga yake haijapungua, interferoni imezidi. Wa saratani seli T zake zimekwisha kuamshwa kwa gharama kubwa. Hakuna kati yao anayehitaji kitu cha kuongeza. Wanahitaji mtu wa kutambua ni mlango upi umefunguliwa.

Mtu huyo si lazima awe bingwa. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Moshi, kilichoanza mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, kimefundisha maofisa wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wao wanafanya kazi mbali na miji mikuu. Ofisa wa namna hiyo akijua swali moja tu la kuuliza, ataipata soriasisi hii: unatumia sindano au dripu gani, na ulianza lini? Swali hilo linachukua nusu dakika. Anayeanzisha dawa naye ana wajibu wake, nao ni kumwambia mgonjwa mapema. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ngozi yake inaweza kubadilika, kwamba jambo hilo lina maelezo na lina tiba, hurudi kliniki. Asiyeambiwa huamini amepewa sumu, au amerogwa, na hatumwoni tena. Nimesikia wenzangu wakisema kwamba ukimtajia mgonjwa maudhi yote utamtisha. Sikubaliani nao. Kinachomtisha mtu ni kuamka na viganja vimejaa usaha bila mtu yeyote kuwahi kumwambia kwamba inawezekana.

Tena tuandike. Tanzania na Kenya zote zina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, kwa mamlaka ya dawa, TMDA, upande mmoja na Bodi ya Dawa na Sumu upande wa pili. Onyo la mwaka 2009 lilitokana na taarifa za namna hiyo, zilizoandikwa na madaktari waliokuwa na mgonjwa mmoja mmoja. Tafiti nilizowaelezea jioni hii zimefanywa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Namna soriasisi hii inavyokuja kwa watu wetu, kwenye ngozi yetu, pamoja na kifua kikuu na VVU vilivyo kati yetu, itajulikana tu kama sisi wenyewe tutaijaza fomu hiyo kila tunapoiona.

Nanyi wagonjwa, haya ndiyo ninayowaomba. Ukianza dawa yoyote ya kinga, mwambie daktari kama wewe au ndugu yako wa damu amewahi kuwa na soriasisi. Ukiona baka jipya, kichwa chenye magamba au vipele vya viganja na nyayo, piga picha siku ile ile, uende kliniki na kadi ya sindano zako. Usiruke sindano inayofuata kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia, wala usinunue kidonge chochote cha kuituliza ngozi. Ila kama ngozi ya mwili mzima imewaka na una homa au unatetemeka, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na utaje jina la dawa yako kabla hawajakuuliza.